Mzee Aliyepima Vichochoro kwa Jeneza

Baba yangu aliitwa Athumani Nalinga, mkulima wa mihogo na korosho. Mama yangu aliitwa Somoe binti Likwata. Nilizaliwa Kitangari, katika nchi ya Newala, mwaka ambao haukuandikwa popote kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwenye kujua kuandika. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mtungi kichwani. Hayo yanatosha kuhusu mimi. Andika, mjukuu wangu Zuhura, na uandike kama ninavyosema. Usitie sukari mahali nilipotia chumvi.

Sababu ya kukuketisha hapa na daftari ni moja. Wiki iliyopita baba yako mkubwa, Hamisi, alikuja hapa Mbagala na fundi. Wakapigilia vigingi viwili, wakavuta uzi ubavuni mwa nyumba yangu, juu ya ile njia ambayo watu wa nyuma hupita kwenda barabarani. Nikamwuliza anapima nini. Akanijibu, "Mama, sie tunapoteza eneo bure. Mtaa mzima watu wamejenga mpaka mwisho, wewe umewaachia watu uchochoro. Hapa chumba kinatoka, tena cha choo ndani." Nilimwambia aukunje uzi wake mpaka nitakapomaliza kusema. Ninachotaka kusema ndicho hiki, na hakianzi na mimi. Kinaanza na mtu mwingine.

Mtu huyo tulimwita Mzee wa Jeneza. Jina lake lipo, na wanawe wanalijua; lakini katika miaka zaidi ya thelathini tuliyokaa mtaa mmoja sikupata kulitumia, wala sitaanza leo. Kazi yake ya kula ilikuwa kutengeneza vitanda na kukarabati vilivyovunjika. Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemtuma, ilikuwa kutunza jeneza la msikiti wetu. Alilifuta vumbi, akalipaka dawa ya mchwa, akakaza misumari yake, na kitambaa cha kijani kinacholifunika alikifua kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa mfupi mwenye mabega mapana, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mabegani kabla ya kumtazama usoni, kama anayekisia atachukua nafasi kiasi gani. Wengi hawakuipenda tabia hiyo, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Ili uielewe kazi yake, kumbuka kwamba mtaa wetu haukupimwa na mtu. Kila mmoja alinunua kipande chake kwa mwenye shamba, akajenga akitazama upande alioupenda. Vichochoro vilizaliwa vyembamba, na kila mwaka vikazidi kukonda: huyu anaongeza jiko, yule anaongeza kibaraza, wa tatu anaweka pipa la maji na kusema ni la muda. Basi kila mwaka kabla ya masika, Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, Mzee wa Jeneza alichukua wanaume watatu, yeye akiwa wa nne, wakalibeba jeneza tupu mabegani na kulipitisha katika kila kichochoro cha mtaa. Mtu mmoja alimshauri atumie fito tu, akaishi kwa amani na watu. Akasema upana unapimwa kwa fito, lakini kona haipimwi kwa fito. Kona inapimwa kwa jeneza lenyewe, pamoja na watu wanne chini yake.

Watu walisema ni uchuro. Akina mama waliwavuta watoto ndani. Mwaka mmoja jirani alimmwagia ndoo nzima ya maji yaliyooshea samaki. Alijifuta uso kwa kanzu, akasema, "Ahsante, mama. Maji yamepita. Sasa tuone kama na mtu atapita." Akaendelea na safari yake, magamba yakimng'aa begani.

Jambo jingine ambalo sikulielewa mapema: aliongeza shubiri moja kila upande. Jeneza letu ni jembamba, maiti amevikwa sanda tu. Lakini sanduku la Wakristo ni pana, na mtaa wetu una Wakristo wengi waliotoka bara. Hakuna Mkristo aliyemwomba aongeze shubiri hiyo. Imamu alipomwuliza, alisema kwamba mtaani hakuna kichochoro cha Waislamu.

Usidhani ninakuchorea malaika. Alikuwa mkali, na alikuwa na uchoyo wa vitu vidogo uliochekesha. Redio yake hakumwazima mtu, hata mkewe aliisikiliza kwa mbali. Kikombe chake cha kahawa kilikuwa na alama ya misumari chini, ole wako ukikitumia. Kwenye bao aliiba. Nasema aliiba, kwa macho yangu. Alikuwa akikohoa, na ukimtazama tena, kete zimehama shimo. Vijana walimtania, "Mzee, unatuhubiria haki vichochoroni, halafu hapa unatuibia?" Akawajibu bila kuinua uso kwamba kwenye njia kuna jirani, na kwenye bao kuna adui, na mwenye kuchanganya hayo mawili asimlaumu mtu akifungwa.

Maneno yake kuhusu wema na ubaya yalitoka kwenye vitanda. Kijana mmoja aliyekuwa akisoma dini alikuja kumjaribu, akamwuliza ubaya ni nini hasa. Mzee alikuwa akipiga randa mbao. Akasema, "Mwanangu, kila kitanda ninacholetewa kimevunjika katikati, nikiuliza ninaambiwa mwenye nyumba analala katikati. Hakulala pale ili kumwumiza mwenzake. Alilala pale kwa sababu pana raha. Ubaya wote niliouona duniani una sura hiyo: mtu amelala katikati, na hajui kama kuna mwingine ameshikilia ukingo."

Mkewe akapaza sauti kutoka ndani, "Na wewe unalala wapi? Hebu mwambie na mimi ninapolala."

Barazani tulicheka mpaka kijana wa dini akafuta machozi. Mzee akapiga randa mara mbili, tatu, kisha akasema taratibu, "Ndiyo maana ninaujua vizuri. Ninalala nao."

Na wema, alisema, ni kujisogeza. Hakupenda maneno makubwa zaidi ya hilo. Alisema Mola hakumwomba kila mtu afe kwa ajili ya mwenzake; wengi wetu ametuomba tujisogeze tu, na hata hilo limetushinda. Tajiri mmoja alipoleta mazulia msikitini na kutaka itangazwe kwa kipaza sauti, Mzee aliyakunjua, akayatandika, akasema huyu naye amejisogeza, ila amejisogeza mbele.

Sasa naja kwangu, na hapa usipunguze neno.

Babu yako alikuwa amekwisha fariki. Nilikuwa ninakaanga vitumbua alfajiri na kuuza kwenye kituo cha basi, na nina watoto wanne. Nikaamua kuongeza chumba cha kupangisha ubavuni mwa nyumba. Nafasi haikutosha, nikachukua dhiraa moja na nusu ya njia. Nyuma yangu alikaa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Bukoba, pamoja na mama yake mzee. Hawakuwa na njia nyingine, kwa maana upande wa pili kuna shimo la choo la jirani. Wakabaki na upenyo ambao mtu mmoja hupita, na mwenye ndoo hupita kwa ubavu. Mwalimu alipita kwa ubavu, akanisalimu, akaenda zake shuleni. Ni mtu mpole.

Sikujiambia kwamba ninaiba. Nilijiambia kwamba ninawatafutia wanangu. Zuhura, hilo ndilo vazi ambalo choyo hulivaa kikitaka kutoka nje: "wanangu". Ukilisikia neno hilo kinywani mwako, tazama mkono wako uko wapi.

Rangi ya chumba ilikuwa bado mbichi, na mpangaji hajapatikana, Ijumaa ile ilipofika. Nikalisikia jeneza likigota konani kwangu. Likarudi nyuma, likajaribu kwa kuinamishwa, likagota tena. Nikatoka, nikamkuta Mzee ameliweka jeneza juu ya vibao viwili, naye ameketi barazani kwangu kama mgeni aliyealikwa. Akaomba maji, nikampa.

"Mama Hamisi, limekwama."

"Lipitisheni kwingine."

"Kwingine ni chooni kwa jirani yako."

"Kwani nani amekufa?"

"Hakuna, alhamdulillahi."

"Basi niondolee uchuro barazani."

Akaliondoa. Lakini kesho yake baada ya alasiri alirudi bila jeneza, akaketi palepale. Akazungumza kuhusu ubao wa mninga ulivyoadimika na mgongo wa mkewe unavyomsumbua. Habari ya ukuta hakuigusa. Siku ya tatu alikuja, na ya nne, na ya tano. Nilimchukia chuki ambayo sijamchukia mtu mwingine. Anayekugombeza unaweza kumjibu. Anayenyamaza anakuachia wewe kazi ya kusema, nawe ukianza kusema unayasikia maneno yako. Siku ya sita nilimwambia kila mtu wa mtaa huu amejenga njiani, kwa nini akae kwangu. Akasema kwangu kuna upepo.

Siku ya nane, saa tano asubuhi, Bibi wa Bukoba, mama yake mwalimu, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Nilikuwa ninachambua mchele. Niliusikia ukelele wake kupitia ukuta wa chumba changu kipya. Mwalimu akakodi gari, likasimama barabarani. Lakini mgonjwa hakuweza kuketishwa, wala kubebwa mgongoni. Ukimkunja kidogo tu, anazimia. Wakamwita Mzee wa Jeneza kwa sababu ya vitanda. Alikuja na mfuko wake wa vyombo, akang'oa miguu ya kitanda cha kamba, akambakiza bibi amelala juu ya fremu, wanaume wanne wakaibeba.

Wakafika konani kwangu wakakwama.

Nilisimama mlangoni na ungo mkononi. Nikaona fremu ikigota mahali palepale lilipogota jeneza, na rangi yangu mpya ikikwanguka na kubaki kwenye kamba. Wakaiinamisha, bibi akapiga kelele, wakaiweka sawa. Mwalimu, ambaye sijapata kumsikia akisema kwa nguvu, akaanza kuomba kwa Kihaya. Siku zote hizo nilikuwa nimefikiri, na mtaa mzima ulikuwa umefikiri, kwamba Mzee alikuwa akipimia wafu. Tulimkasirikia kwa ajili ya kifo. Hatukuwahi kuwaza kwamba anayepita amelala anaweza kuwa mzima, na dereva anamngoja.

Mzee akanitazama. Safari hii alinitazama usoni. Akasema, "Mama Hamisi, ukuta ni wako. Mimi sivunji ukuta wa mtu." Akatoa nyundo mfukoni, akaiweka kwenye sakafu ya baraza, akarudi kushika pembe yake ya kitanda.

Hakuna aliyenisukuma. Ningeweza kusema ngojeni nimwite Hamisi. Ningeweza kusema mpitisheni juu ya mabati. Nilitua ungo, nikaokota nyundo, nikapiga. Pigo la kwanza liliacha alama tu. La pili liliingia. Tofali zilikuwa za bei nafuu, mchanga mwingi saruji kidogo, na siku ile nilimshukuru fundi aliyeniibia saruji. Mwalimu akaja na mtaimbo, kijana mwingine akaliegemeza bati kwa mti, na kwa muda usiozidi wa kupika chai kona ikawa chini pamoja na ukuta wa upande wa njia. Fremu ikageuka. Bibi alipopita karibu yangu, kichwa chake kikiwa usawa wa kifua changu, alininyooshea mkono, nami nikaushika hatua mbili tatu mpaka njia ikapanuka.

Kesho yake Mzee alirudi. Nilikuwa nimekaa mbele ya chumba kisicho na ukuta, nina aibu na nina hasira. Nikamwambia asinisifu, maana sikuvunja kwa wema. Nilivunja kwa sababu watu walikuwa wakinitazama.

"Sikuja kukusifu," akasema. "Nimefuata nyundo yangu."

Nikampa. Akaigeuzageuza, akaona mpini umepata ufa, akaguna. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. "Ukuta haujui umevunjwa kwa nia gani. Wala yule bibi hakuuliza, alipita. Wewe tengeneza nia yako polepole, una maisha mazima. Njia ndiyo isingeweza kungoja."

Alikaa wiki nzima akinisaidia kuujenga ukuta upya pale ulipokuwa kabla sijaichukua njia. Kona aliiviringisha, haina ncha. Ukiigusa kwa mkono utaona. Alikataa malipo, lakini alikula vitumbua vyangu kama mtu anayelipiza kisasi, na alilalamika kwamba vina hiliki chache.

Bibi wa Bukoba alipona. Alirudi na fimbo, akaishi miaka sita mingine. Alipoletewa senene kutoka kwao alinigawia, nami niliyezaliwa Umakondeni nikajifunza kula panzi wa watu wengine na kuomba nyongeza. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kihaya changu ni sifuri, lakini tulikaa barazani alasiri nyingi tukichambua mboga. Raha ya alasiri zile sikuwa nimeipata popote. Chumba hakikunipa mpangaji, kilinipa shoga. Siku alipofariki, sanduku lake lilipita limelala, na wabebaji hawakuhitaji hata kuambiana "taratibu".

Tangu mwaka ule niliwapikia chai wabebaji wa jeneza tupu, na wengine wakaanza kutoa mapipa yao njiani kabla ya Ijumaa yenyewe. Si wote. Mtaa haukuwa pepo. Lakini mtu alijulikana aliyejisogeza na asiyejisogeza, na watoto walianza kulikimbilia jeneza badala ya kulikimbia.

Mwaka jana, mke wa Mzee alipokwisha kufariki na Mzee mwenyewe kuishiwa nguvu za miguu, binti yake alimchukua kwenda kukaa naye Kimbiji. Mwezi uliopita, kabla hata ya habari hii ya uzi, nilifunga safari kwenda kumwona. Nilivuka daraja, nikapanda bodaboda kwenye barabara ile mbovu, mimi na umri wangu, kijana akiniambia, "Bibi, shikilia, huku ni mashimo tu." Nilikuwa na jambo moyoni. Sasa nimezeeka, nilitaka kuisikia kauli yake kuhusu mimi. Nilitaka aseme, wewe Mama Hamisi ulifanya vema. Miaka yote hakusema.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka uani kwa bintiye, kati ya mihogo, anapiga msasa mguu wa kigoda. Tukasalimiana kwa kirefu. Nikamwuliza kama anaukumbuka ule ukuta wangu.

"Ukuta gani?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, hakuupata. Nikamtajia Bibi wa Bukoba, nikamtajia nyundo. Akasema nyundo amekuwa nazo nyingi. Binti yake akanikonyeza kunionyesha kwamba siku hizi kumbukumbu zinamponyoka.

Nakiri kwamba niliumia. Nimeibeba habari ile kama mtungi kichwani nisiidondoshe, na kwake haikuwako kabisa. Basi nikamsimulia yote tangu mwanzo, kama habari ya mwanamke mwingine: chumba, rangi mbichi, siku nane barazani, mgonjwa konani. Akasikiliza, ameacha msasa. Nilipofika kwenye upepo wa baraza alicheka. "Huyo mama alikuwa mkaidi," akasema. "Na huyo mzee alikuwa msumbufu. Walifaana."

"Walifaana," nikasema.

Akauokota msasa wake. "Na hiyo njia, bado iko wazi?"

"Iko wazi."

"Basi," akasema, akarudi kwenye mguu wa kigoda chake.

Hakuuliza tena, na mimi sikutaka tena kauli yoyote. Tulikula mihogo ya nazi aliyopika binti yake, tukaongea habari za mvua, nikarudi nyumbani kabla ya magharibi nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimekwenda kuchukua sifa. Nikaona kwamba yeye hakujiwekea hata moja, na hakuwa amepungukiwa na kitu.

Sasa sikiliza la kuhifadhi, kisha ufunge daftari. Vyungu vyangu na kanga gawaneni mnavyopenda, na msipopatana, wapeni majirani. Nyumba ipakeni rangi yoyote. Hamisi akitaka ghorofa, na ajenge kwenda juu. Mbinguni hakuna anayepita na ndoo. Karatasi hii msomee yeye kwanza, mbele ya fundi wake. Na kila mwaka kabla ya masika, wewe mwenyewe, hata ukiwa na kazi yako ya ofisini, utafute watu wanne wapite ubavuni mwa nyumba wakiwa wamebeba kitu kirefu mabegani, mpaka barabarani. Ukiulizwa dhiraa ile ni ya nani, usiseme ni yetu, wala usijitape kwamba tumewapa watu. Sema ni njia.